Kupiga picha vumbi la Beta Pictoris ukiwa Tanga

Mimi ni fundi picha. Studio yangu ipo Ngamiani, na miaka yote mkate wangu umetokana na picha za pasipoti, harusi na mahafali. Adui yangu mkubwa kazini ni kipara chenye jasho: flashi ikipiga, utosi unawaka na sura yote inapotea. Nayasema haya mapema ujue kwamba sikuanza na elimu ya nyota. Nilianza na kero ya mwanga unaofunika kitu ninachokitaka, na kazi ninayokuelekeza hapa ni kero hiyohiyo, ila kipara chenyewe ni nyota, Beta Pictoris, na kiko umbali wa miaka 63 ya mwanga.

Kuna nyota za jirani zilizozungukwa na vumbi. Si vumbi lililobaki tangu zilipozaliwa, maana hilo lingeshakwisha: chembe ndogo kabisa husukumwa nje na mwanga wa nyota yenyewe, na zilizo kubwa kidogo hupoteza mwendo polepole mpaka zikaangukia ndani. Ukilikuta bado lipo, ujue kuna miamba na nyotamkia zinazogongana na kusagana, na vumbi jipya linamwagika kila siku. Mwaka 1983 satelaiti ya IRAS, ya Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilikuta Vega, Fomalhaut, Epsilon Eridani na Beta Pictoris zinatoa joto jingi kuliko nyota ya aina yake inavyopaswa. Joto hilo lilikuwa la vumbi. Mwaka 1984 Bradford Smith na Richard Terrile, wakitumia darubini ya mita 2.5 ya Las Campanas kule Chile, waliiziba Beta Pictoris katikati ya picha, na pembeni yake ukatokea mstari mwembamba wa mwanga, huku na huku.

Nilidhani mambo hayo ni ya wenye milima na bajeti za serikali, mpaka nikasoma kwamba mwaka 2011 Rolf Olsen wa New Zealand, mtu anayepiga picha za nyota kwa mapenzi yake tu, aliupata mstari uleule kwa darubini yake yenye kioo cha sentimita 25. Hakuwa na kifaa cha kuziba nyota. Alipiga picha ya Beta Pictoris, akapiga ya Alfa Pictoris isiyo na vumbi la namna hiyo, akaitoa ya pili katika ya kwanza kwa kompyuta, mng'ao ukafutika na vumbi likabaki. Njia yangu ni hiyohiyo, nimeiongezea masharti ya pwani yetu.

Darubini yangu ni ya kioo cha sentimita 20, fokasi ya milimita 1000, niliyoinunua kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akihama Raskazone. Kamera ni Canon kuukuu iliyostaafu harusi. Kwa vifaa hivyo kila pikseli inashika karibu sekunde 0.9 za tao. Sekunde moja ya tao ni upana wa sentimita moja ukiitazama kutoka kilomita mbili. Mstari wa Smith na Terrile ulifika sekunde 25 hivi kila upande, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Kazi ni mng'ao wa nyota.

Usihangaike na nyota nyingine. Fomalhaut ipo karibu zaidi, miaka 25 tu ya mwanga, na jina lake ni kubwa, lakini pete yake ni hafifu mno kwa darubini ya nyumbani. Beta Pictoris ina bahati ya pekee: sahani yake ya vumbi tunaiona ubavuni. Chukua sinia la pilau. Ukilitazama kwa juu, chuma chake ni kipana na chembamba. Liinue mpaka ukingo uwe usawa wa macho, chuma chote kinajikusanya kwenye mstari mmoja. Vumbi nalo ndivyo linavyojikusanya kwa macho yetu, na ndiyo maana linapigika.

Kuipata nyota yenyewe ni rahisi kwa mtu wa pwani, kwa sababu jirani yake ni Suheli, ile ambayo vitabu vya Kizungu vinaiita Canopus. Usiku wangu wa kwanza Tongoni, kusini mwa mji, mzee mmoja alikuja na tochi kutuuliza shida yetu. Nilikuwa na mpwa wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatafuta nini usiku huu?"

"Vumbi, mzee. Lipo kwenye nyota, karibu na Suheli."

Akamulika barabara tuliyoijia, akamulika bajaji yetu iliyokuwa nyekundu mpaka kwenye kioo. "Na hili mlilolileta halitoshi?" Kisha akazima tochi, akainua mkono na kutuonyesha Suheli bila kutafuta, kama mtu anayeonyesha mlango wa kwake.

Basi fanya hivi. Subiri Suheli ifike kusini kabisa. Nyosha mkono, weka vidole vitatu kulia kwake na uongeze unene wa kidole kidogo: hapo ndipo Beta Pictoris ilipo, nyota ya wastani, mng'ao 3.86. Kwa Alfa Pictoris weka ngumi moja chini ya Suheli, kushoto kidogo. Mng'ao wake ni 3.3, na namba ikiwa ndogo nyota ni kali zaidi. Kundi lao ni kiegemeo cha mchoraji, jina lililotolewa na Mfaransa Lacaille baada ya kuzihesabu nyota za kusini akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752. Mchoraji na fundi picha ni watu wa ukoo mmoja, nikachukulia kwamba ni fali njema.

Msimu ni kaskazi, Januari na Februari, vuli ikiwa imekwisha na masika bado. Tarehe 20 Januari Beta inafika juu kabisa saa 4 na robo usiku, nyuzi 44 kutoka upeo. Katikati ya Februari inafika saa 2 na nusu. Mahali pawe kusini mwa mji, ili taa za Tanga ziwe mgongoni. Mimi naenda Tongoni. Usiweke stendi ndani ya magofu, makaburi yale ya kale si meza ya mtu. Nje yake kuna ardhi ngumu ya kutosha. Wala usidanganyike na mchanga wa ufukweni. Unahitaji usiku wa giza usio na mwezi, na giza huja na bamvua: saa 4 usiku maji yamekupwa, ufuo ni mpana na unavutia, lakini mchanga wenye maji unadidimia taratibu chini ya stendi, na kuelekea alfajiri bahari inakufuata hapohapo. Jambo jingine, giza unalolitaka wewe wavuvi wa dagaa wanalitaka pia. Taa zao zitakuwa mashariki, baharini. Zigeuzie ubavu wa darubini na usilalamike, wao wapo kazini.

Sasa tuje kwenye stendi, kwani hapa maelekezo ya Wazungu yanatutupa mkono. Stendi ya kufuata nyota lazima mhimili wake uelekee ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Ulaya ncha hiyo iko juu angani na ina nyota ya kuilengea. Kwetu ncha ya kusini iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na mikoko, na hakuna nyota ya maana pale. Baya zaidi, stendi nyingi hazikubali kulala hivyo. Yangu inagoma kwenye nyuzi 15. Dawa yake ni tofali la inchi 6. Lilaze chini ya mguu wa kaskazini, na kama kutoka mguu huo hadi mstari wa miguu miwili mingine ni sentimita 80 hivi, stendi nzima itainama kusini kwa nyuzi kama 10 na nusu. Zilizobaki unazirekebisha kwa skrubu. Ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu, isije ikaanguka na kioo chako.

Baada ya hapo elekeza darubini kwenye nyota ya juu ya ule mkanda wa Jabari, yaani Orion, iitwayo Mintaka, ambayo imekaa karibu kabisa na ikweta ya anga. Ikiwa karibu na utosi, iache dakika tano kwenye skrini uone inateleza kwenda kaskazini au kusini. Kama inateleza, geuza stendi kidogo kushoto au kulia. Mtelezo ukipungua, endelea upande huohuo, ukizidi, rudi. Kisha chagua nyota iliyo chini upande wa mashariki, fanya vilevile kwa skrubu ya kupandisha na kushusha. Inachosha. Mara ya kwanza ilinichukua saa mbili, siku hizi nusu saa.

Kuhusu kupiga: tumia RAW, yaani picha ghafi, JPEG haifai kitu hapa. Zima kila kinachojiita msaada ndani ya kamera, kuanzia usafishaji wa chengachenga. Beta niliipiga sekunde 20. Alfa je? Tofauti ya mng'ao ni 0.56, na ngazi moja ni mara 2.512, kwa hiyo Alfa ni kali mara 1.67, na sekunde 20 zinakuwa 12. Ukifanya hivyo nyota zote mbili zinamwaga mwanga sawa kwenye sensa, na haloi zao, ule ukungu wa mwanga unaoizunguka nyota kwenye picha, zinafanana. Zinafanana pia kwa sababu zote ni nyeupe, za aina A. Nyota nyekundu ingetawanya mwanga wake kwa namna nyingine. Usishawishike kutumia Suheli kwa kuwa ipo jirani, ni kali kuliko Beta zaidi ya mara 60.

Piga kumi za Beta, kumi za Alfa, kumi za Beta, kumi za Alfa. Usimalize za Beta zote ndipo uhamie Alfa. Hewa inabadilika, kioo kinapoa, fokasi inasogea, na ukitenganisha nyota hizo kwa saa mbili utakuwa unalinganisha hewa mbili tofauti. Kwa sababu hiyo mimi siku hizi sipigi Beta ikiwa kileleni. Wakati huo inaipita Alfa kwa nyuzi 12 hivi, na Alfa inatazamwa kupitia hewa nene zaidi. Ngoja saa moja na nusu, halafu piga kwa saa moja na nusu nyingine. Beta inashuka na mwishoni zote ziko karibu nyuzi 30. Unapoteza ukali kidogo, unapata usawa, na usawa ndio unaoutafuta. Baadaye tumia pikseli za kijani peke yake, maana chini namna hiyo hewa huvuta bluu huku na nyekundu kule.

Kati ya seti, usiguse fokasi na usizungushe kamera. Nitarudi hapo.

Umande. Kaskazi ya Tanga ni joto lililolowa. Usiku mmoja nilipata picha 60 za Beta, nzuri, na haloi ikawa inanenepa kila seti bila mimi kuelewa, mpaka nilipomulika ndani ya bomba nikakuta kioo kidogo, kile cha karibu na mdomo wa bomba, kimepiga ukungu kama miwani ya mtu aliyeinamia chai. Zote zikaenda. Sasa nina draya ndogo ya gari inayotumia betri ya pikipiki, na kila seti inapoisha nampa mpwa wangu apulizie sekunde chache, kwa mbali. Chumvi nayo huganda kwenye kioo kikubwa. Usikifute kwa kitambaa hata kiwe laini namna gani. Kimiminie maji ya betri, yale yaliyochujwa ya kuongezea, na uhakikishe muuzaji hajakupa asidi.

Mwisho wa usiku, funika bomba na upige picha za giza, za sekunde 20 na za sekunde 12, kumi na tano kila aina. Alfajiri vuta shuka jeupe juu ya mdomo wa bomba, piga anga inapoanza kupauka. Picha hizo za shuka ndizo zitakazofuta madoa ya vumbi la sensa, ambayo hutokea kama donati za kijivu, na ukiyaacha utakuja kuyatangaza kuwa sayari.

Ngoja sasa nikuambie nilivyojiaibisha, kwa sababu humo ndimo kuna somo lenye bei kuliko yote haya. Usiku wangu wa pili, baada ya kumaliza Beta, nililegeza pete zinazoshika bomba nikalizungusha kidogo ili nichungulie vizuri nikitafuta Alfa. Nyumbani nikazigeuza picha zote kaskazini iwe juu, nikatoa moja katika nyingine, na kwenye skrini ukatokea mstari mweupe, mnyoofu, kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Ndipo hasa mahali pake. Nikaisafisha picha hiyo kwa mapenzi, nikaichapa nane kwa kumi, nikaitundika studio kati ya bibi harusi na mtoto wa mahafali.

Ilikaa wiki tatu. Siku moja nikiwa nasafisha darubini nikatazama vile vyuma vinne vinavyoshika kioo kidogo. Kila chuma huzaa mwiba wa mwanga kwenye nyota kali, na minne inafanya msalaba. Nilipozungusha bomba, msalaba wa Alfa ulikaa pembeni ya msalaba wa Beta, haukuufuta. Mstari wangu ulikuwa mwiba. Na mkono wa pili wa msalaba ulikuwa wapi? Niliufuta mwenyewe, kwa brashi, wakati wa kusafisha, kwa mazoea ya studio: mteja ana chunusi, unaiondoa bila hata kuuliza. Niliishusha picha mchana watu wakiwa sala ya Ijumaa.

Kwa hiyo: kabla ya usiku kuanza, zungusha bomba mpaka miiba ikae nyuzi 45 kutoka kwenye mstari wa vumbi, kisha kaza pete, zifunge kwa mkanda, usiziguse mpaka asubuhi. Mstari wa vumbi umeelekea karibu nyuzi 30 kutoka kaskazini kwenda mashariki. Na brashi ya kusafishia iondoe kabisa kwenye kompyuta.

Kusindika kunahitaji uvumilivu tu. Natumia Siril kupanga na kujumlisha picha, na ImageJ kutoa. Zote ni programu za bure. Kitovu cha nyota kimeungua cheupe, hakikuambii katikati ni wapi, basi fuata miiba: chora mstari kwenye kila jozi, zinapokatana ndipo nyota ilipo. Sogeza picha ya Alfa kwa sehemu za kumi za pikseli mpaka miiba ya pande zote inafutika sawasawa. Kisha rekebisha uzito wake. Ukitoa pungufu, msalaba unabaki mweupe; ukitoa kupita kiasi, unageuka mweusi. Mahali pa kusimama ni pale unapotoweka, na amua kwa kutazama msalaba tu, huku sehemu ya vumbi umeifunika kwa kipande cha karatasi kwenye skrini. Nasema kweli, karatasi. Jicho linalojua jibu haliaminiki.

Ziba katikati kwa duara la pikseli 8, sawa na sekunde 7 za tao, na usiamini chochote kilicho ndani yake. Kwa umbali wa nyota hiyo, sekunde 7 ni umbali wa Dunia na Jua mara 136 hivi. Neptune yetu iko mara 30. Ile sayari ya Beta Pictoris b, iliyopigwa na darubini ya VLT ya Chile na kutangazwa mwaka 2008, inazunguka kwenye mara 10. Ipo ndani ya duara lako jeusi, na itabaki humo.

Mstari ukitokea, jaribu kuuvunja. Kwanza gawa picha za Alfa mafungu mawili, la mwanzo wa usiku na la mwisho, utoe moja katika jingine. Alfa haina cha kukuonyesha. Ukiona mstari hapo, ni wa darubini yako. Pili, rudi usiku mwingine na bomba likiwa limezungushwa nyuzi 90. Kitu cha mbinguni hakijali bomba limegeukia wapi, kitabaki kaskazini-mashariki. Kasoro ya kioo itazunguka pamoja na kioo. Wataalamu nao hutumia ujanja wa jamii hiyo: wanaiacha anga izunguke mbele ya kamera, kinachozunguka na anga wanakibakisha, kinachoganda wanakitupa.

Asiye na darubini asikae kinyonge. Picha ghafi za Hubble, darubini iliyoko angani, zipo wazi kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, bure, za Beta Pictoris na za nyingine nyingi, na hatua za kutoa ni hizihizi. Bando la intaneti litakuuma kidogo.

Picha yangu ya sasa imetokana na usiku tatu. Ni ukungu hafifu, kama alama ya kidole kwenye kioo, kuanzia pale duara jeusi linapoishia hadi sekunde 15 hivi kila upande, na imeshinda jaribio la Alfa na la bomba. Niliichapa ndogo tu, saizi ya kadi, nikampelekea mzee wa Tongoni. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza chini juu.

"Hili ndilo vumbi?"

"Ndilo, mzee."

"Na nyota yenyewe umeipeleka wapi?"